Kupima Ufurahiaji na Wasiwasi: Masharti ya Kuhamisha Vipimo vya Hisia kwa Wavietinamu Wanaojifunza Kikorea

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ufurahiaji na wasiwasi wa mwanafunzi wa lugha ya kigeni unavyopimwa kwa hojaji, na yanajadili masharti yanayopaswa kutimizwa kabla vipimo hivyo havijatumiwa kwa Wavietinamu wanaojifunza Kikorea. Vipimo vinavyotumika zaidi viliundwa kwa Kiingereza, na kile cha wasiwasi kiliundwa kwa kuwazingatia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Makala hayatoi data mpya za uwandani. Yanapitia misingi ya kinadharia ya vipimo hivyo, muundo wake, na mambo matatu yanayoweza kuharibu maana ya alama zake vinapohamishwa: uteuzi wa nafsi ya kwanza katika Kivietinamu, maneno ya hisia yasiyolingana, na sifa za Kikorea ambazo vipimo vya awali havikuzigusa. Inahitimishwa kwamba kuaminika kwa ndani kwa kipimo, ambako ndiko huripotiwa mara nyingi zaidi, hakutoshi kuthibitisha kwamba kipimo hicho kinapima kile kinachodaiwa kupimwa.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa lugha ya kigeni huuona ukimya wa mwanafunzi, lakini haoni kilicho nyuma yake. Mwanafunzi anaweza kunyamaza kwa sababu hajui jibu, au kwa sababu analijua lakini anaogopa kuchekwa. Anaweza pia kunyamaza kwa sababu anafurahia kusikiliza na hana haja ya kusema. Ukimya ni mmoja ilhali sababu zake ni nyingi, na kila sababu inadai hatua yake ya kiualimu. Kwa hiyo watafiti wa ujifunzaji wa lugha wamejitahidi, hasa tangu miaka ya 1970, kutafuta njia ya kuyafikia yaliyo ndani kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe na kuyageuza majibu yao kuwa tarakimu.

Ugeuzaji huo ndio kiini cha makala haya. Pindi hisia inapogeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu huanza safari yake peke yake. Hujumlishwa, hulinganishwa, huingizwa katika jedwali, na hatimaye hutolewa kuwa sababu ya kubadili mtaala au ya kumwita mwanafunzi fulani "mwenye wasiwasi wa kiwango cha juu". Msomaji wa jedwali hana tena nafasi ya kujua ni sentensi gani mwanafunzi aliisoma, wala aliielewaje. Ikiwa sentensi hiyo ilitafsiriwa visivyo, kosa halionekani popote. Limefichwa chini ya wastani na mchepuko wa kawaida.

Wavietinamu wanaojifunza Kikorea wameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kundi kubwa na linaloongezeka la wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza na lugha wanayojifunza zote ziko nje ya mazingira ambamo vipimo vilizaliwa. Pili, matatizo wanayoyaibua ndiyo yatakayomkabili mtafiti wa Kiswahili siku atakapotaka kutumia vipimo hivyohivyo kwa wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni, wakiwamo wanafunzi wa Korea Kusini wenyewe, ambako Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni. Anayetaka kutafsiri hojaji kwa Kiswahili ana mengi ya kujifunza kutokana na Kivietinamu.

2.0 Muktadha: Kikorea Nchini Vietinamu

Vietinamu na Jamhuri ya Korea zilianzisha uhusiano wa kidiplomasia tarehe 22 Desemba 1992. Tangu hapo uwekezaji wa Korea umeigusa mikoa mingi ya Vietinamu. Viwanda vya Samsung katika mikoa ya Bắc Ninh na Thái Nguyên ni mfano unaojulikana sana. Kikorea kikawa lugha ya kazi. Mwezi Februari 2021 Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Vietinamu ilikiingiza Kikorea, kwa majaribio, katika orodha ya lugha za kigeni za kwanza zinazoweza kufundishwa shuleni kuanzia darasa la 3 hadi la 12. Hadhi hiyo tayari ilikuwa nayo Kiingereza, Kifaransa, Kichina, Kijapani na Kirusi.

Hata hivyo, si wote wanaojifunza Kikorea wanaketi katika madarasa ya shule au vyuo vikuu. Wapo wafanyakazi wanaojiandaa kwa mtihani wa EPS-TOPIK, ambao ni sharti la kuajiriwa Korea chini ya mfumo wa vibali vya ajira ulioanza mwaka 2004. Wapo pia wanawake wanaoolewa na raia wa Korea, ambao tangu 2014 wanatakiwa, kwa kawaida, kuthibitisha stadi ya msingi ya Kikorea ili kupata viza ya ndoa. Wapo, kadhalika, vijana waliovutwa na muziki na tamthilia za Korea, wasiosukumwa na lolote ila mapenzi yao.

Tofauti hizo zina uzito katika upimaji. Mwanafunzi wa idara ya Kikorea chuoni akifeli, atarudia somo. Mfanyakazi akifeli, deni ambalo familia imeingia kwa ajili ya masomo yake linaweza kubaki palepale bila mshahara wa kulilipa. Wote wawili wakiandika 4 mbele ya kauli moja ya wasiwasi, tarakimu zao ni sawa lakini maisha yaliyo nyuma ya tarakimu hizo si sawa. Kwa mmoja wasiwasi unaweza kuwa tabia inayohitaji kutulizwa. Kwa mwingine ni hesabu sahihi ya hatari iliyopo. Utafiti unaowaweka wote katika sampuli moja bila kutaja tofauti hiyo unachanganya mambo mawili na kuyaita kwa jina moja.

3.0 Dhana za Wasiwasi na Ufurahiaji

3.1 Wasiwasi

Katika taaluma hii, wasiwasi wa lugha ya kigeni hauchukuliwi kuwa woga wa jumla alionao mtu katika kila jambo. MacIntyre na Gardner (1991) walitofautisha mitazamo mitatu: wasiwasi kama sifa ya kudumu ya mtu, wasiwasi kama hali ya wakati mmoja, na wasiwasi unaofungamana na mazingira maalumu. Wasiwasi wa lugha umewekwa katika kundi la tatu. Mtu jasiri sokoni na nyumbani anaweza kutetemeka anapotakiwa kusema sentensi moja ya lugha ya kigeni mbele ya wenzake, kwa kuwa hapo ananyang'anywa chombo anachokitumia siku zote kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwenye akili.

Neno lenyewe la Kiswahili linahitaji tahadhari. Wasiwasi, neno lenye asili ya Kiarabu lililobeba maana ya mnong'ono unaosumbua moyo, hutumika kwa hofu ya jambo lijalo, na pia kwa shaka. Mtu akisema ana wasiwasi na maneno ya jirani yake, hasemi kwamba anatetemeka, bali kwamba hayaamini. Katika makala haya neno hili limetumika kwa maana ya kwanza pekee.

3.2 Ufurahiaji

Ufurahiaji umeingia katika utafiti kwa kuchelewa. Kwa miongo kadhaa hisia za mwanafunzi zilichunguzwa kama magonjwa, ikiulizwa nini kinamzuia, na mara chache nini kinamsukuma mbele. Nadharia ya Fredrickson (1998, 2001) ilisaidia kubadili mwelekeo huo. Inadai kwamba hisia chanya hupanua upeo wa mtu wa kufikiri na kutenda, na kwa kufanya hivyo hujenga rasilimali zinazodumu baada ya hisia yenyewe kupita. Hisia hasi, kwa upande wake, huubana upeo huo ili mtu aikabili hatari iliyo mbele yake. Ikiwa kazi za hisia hizi mbili ni tofauti, basi kutokuwapo kwa moja si kuwapo kwa nyingine.

Csikszentmihalyi (1990) aliongeza tofauti ambayo Kiswahili kinaibeba vizuri. Alitenganisha kile tunachoweza kukiita raha na kile tunachoweza kukiita ufurahiaji. Raha huja haja inapotoshelezwa, kama kulala baada ya uchovu au kunywa maji baada ya kiu. Ufurahiaji huja mtu anapojitahidi, akavuka mpaka wa uwezo wake wa jana, na kutambua kwamba ameuvuka. Darasa lenye vicheko na michezo linaweza kuwa na raha tele na ufurahiaji haba. Mwanafunzi aliyehangaika nusu saa na sentensi moja mpaka ikamkubali anaweza kuwa na ufurahiaji mwingi bila raha. Mtafsiri wa kipimo asiyeizingatia tofauti hii atapima kitu kingine.

4.0 Vipimo Viwili na Asili Yake

Kipimo cha wasiwasi wa darasa la lugha ya kigeni, kinachojulikana kwa kifupisho FLCAS, kilichapishwa na Horwitz, Horwitz na Cope mwaka 1986. Kina kauli 33, na kila kauli hujibiwa kwa ngazi tano, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Waandishi wake waliihusisha dhana yao na mambo matatu: hofu ya kuwasiliana, hofu ya mitihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Kiliundwa kutokana na uzoefu wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na kujaribiwa kwa waliokuwa wakianza Kihispania. Kati ya kauli hizo, 24 zinaelekea upande wa wasiwasi na 9 zinaelekea upande wa utulivu, kwa hiyo alama za hizo 9 hugeuzwa kabla ya kujumlishwa. Jumla huwa kati ya 33 na 165.

Ugeuzaji wa alama huonekana jambo dogo, lakini mfano wa kufikirika unatosha kuonyesha athari yake. Mwanafunzi aliyechagua 4 katika kila kauli, pengine kwa kutaka kumaliza haraka, atapata 132 mtafiti akisahau kugeuza, yaani wastani wa 4.0. Alama zikigeuzwa ipasavyo atapata 24 mara 4 na 9 mara 2, yaani 114, wastani usiozidi 3.5. Zaidi ya hayo, majibu yake yanapingana yenyewe kwa yenyewe, na huo ni ushahidi kwamba hakusoma kwa makini. Kauli za upande wa pili, basi, ni mlinzi wa ubora wa data, na mtafiti anayeziondoa ili kuinua alfa anamfukuza mlinzi huyo.

Kipimo cha ufurahiaji, kwa kifupisho FLES, kilitolewa na Dewaele na MacIntyre mwaka 2014 kikiwa na kauli 21. Waliwauliza watu 1,746 wa nchi mbalimbali kwa njia ya intaneti, wakatumia pia kauli 8 zilizotolewa katika FLCAS. Matokeo yao yalionyesha uwiano hasi wa wastani kati ya ufurahiaji na wasiwasi, wa takriban -0.36. Tukiizidisha tarakimu hii kwa yenyewe tunapata kama 0.13. Maana yake ni kwamba hisia hizi mbili zinachangia asilimia 13 tu ya mtawanyiko wa alama, na asilimia 87 iliyobaki kila moja inakwenda njia yake. Mwaka 2016 waandishi haohao walizifananisha hisia hizi na mguu wa kulia na wa kushoto wa mwanafunzi, maana mtu hutembea kwa yote miwili. Huu ndio msingi wa kuzipima kwa pamoja lakini kwa mizani mbili tofauti.

Baadaye vipimo vilifupishwa. Li, Jiang na Dewaele (2018) walipokipeleka kipimo cha ufurahiaji kwa wanafunzi wa sekondari nchini China walibaki na kauli 11 zenye sura tatu: ufurahiaji binafsi, ule unaotokana na mwalimu, na ule unaotokana na hali ya darasa. Botes, Dewaele na Greiff (2021) walitoa toleo fupi la kauli 9, nalo lina sura tatu: kumthamini mwalimu, ufurahiaji binafsi, na ufurahiaji wa kijamii. Funzo la mabadiliko haya ni kwamba umbo la ndani la kipimo halihami lenyewe pamoja na kauli zake. Lazima litafutwe upya kila kinapofika kwa watu wapya.

5.0 Yanayoweza Kuharibika Njiani

5.1 Nani anasema "mimi"?

Karibu kila kauli ya vipimo hivi imejengwa juu ya nafsi ya kwanza umoja. Kiswahili hakina shida hapo. Kiambishi ni- hutumiwa na mtoto kwa babu na na babu kwa mtoto, ingawa adabu hujitokeza kwingine, katika shikamoo na marahaba. Kivietinamu hakiko hivyo. Msemaji hujitaja kwa neno linaloonyesha nafasi yake mbele ya anayesema naye, na maneno mengi ya namna hii ni ya undugu. Mwanafunzi akizungumza na mwalimu wake kwa kawaida hujiita em, yaani mdogo, na humwita mwalimu wa kiume thầy na wa kike cô. Lipo neno tôi, linalotumika katika maandishi rasmi na kwa watu wasiofahamiana, lakini lina umbali fulani ndani yake.

Mfasiri wa hojaji hawezi kulikwepa chaguo hili. Akiandika em, kila kauli inamweka mjibuji mbele ya mtu anayemzidi umri au hadhi. Mwanafunzi anasoma sentensi inayosema kwamba mwalimu wake anamtia hofu, au kwamba mwalimu wake anamtia moyo, na anaisoma kama mdogo anayemjibu mkubwa. Ni vigumu kutarajia kwamba heshima haitaingia katika jibu. Akiandika tôi, sentensi inakuwa ya haki zaidi kwa kipimo, lakini inaweza kusikika baridi kwa kijana wa shule ya sekondari asiyejiita hivyo darasani. Makala haya yanapendekeza tôi kwa watu wazima. Kwa wanafunzi wa shule yanapendekeza matoleo yote mawili yajaribiwe kwanza kwa sampuli ndogo. Jambo la lazima ni chaguo hilo kutajwa waziwazi katika ripoti, kwani msomaji hana njia nyingine ya kulijua.

5.2 Maneno ya hisia

Kwa wasiwasi, Kivietinamu kina lo lắng, neno la kila siku, na lo âu, neno lenye uzito zaidi linalotumika hata katika lugha ya tiba. Ukitumia la pili, baadhi ya wanafunzi watakataa kauli si kwa kuwa wametulia, bali kwa kuwa hawajioni wagonjwa. Lipo pia ngại, linalokaribia kusita kwa sababu ya haya, na xấu hổ, linalokaribia aibu. Mwanafunzi asiyenyosha mkono anaweza kuwa na ngại bila lo lắng. Kipimo kikimlazimisha achague kati ya kuwa na wasiwasi na kutokuwa nao, hakimwachii nafasi ya kusema kweli.

Neno gumu kuliko yote pengine ni hồi hộp. Linataja hali ya moyo kwenda mbio mtu anaposubiri jambo, kama matokeo ya mtihani, mwisho wa mchezo wa mpira, au mgeni mpendwa. Linabeba hofu na shauku kwa pamoja. FLCAS ina kauli inayohusu moyo kudunda mwanafunzi anapokaribia kuitwa kujibu, na mfasiri anaweza kuvutiwa kulitumia neno hili kwa ulaini wake. Akifanya hivyo, kauli iliyokusudiwa kupima wasiwasi inaweza kukubaliwa na mwanafunzi mwenye shauku, na katika uchanganuzi wa vipengele itaonekana ikiegemea pande zote mbili. Mtafiti asiyejua Kivietinamu ataiona kama kauli mbovu na kuiondoa, ilhali ubovu haukuwa wa kauli bali wa neno.

Kwa ufurahiaji, vui ni furaha ya jumla, thích thú ni kupendezwa, na hứng thú ni mvuto unaomfanya mtu aendelee na jambo. Kwa kufuata tofauti ya Csikszentmihalyi, vui inaelekea kwenye raha, na hứng thú iko karibu zaidi na kile tunachotaka kupima. Tafsiri rejeshi aliyoieleza Brislin (1970), ambapo mtu wa pili hurudisha matini katika lugha ya chanzo bila kuiona matini asilia, haitatosha kuyafichua haya. Maneno yote matatu yanaweza kurudi yakiwa neno lilelile la Kiingereza. Kinachofichua ni kukaa na wanafunzi wachache, kuwasomea kauli mojamoja, na kuwaomba waeleze kwa maneno yao walichokielewa na kwa nini wamechagua jibu walilolichagua.

5.3 Kikorea chenyewe

Kihispania cha wanafunzi wa Texas hakikuwa na mambo ambayo Kikorea kinayo. La kwanza ni ngazi za usemi. Kitenzi cha kwenda huwa ga katika banmal, usemi wa karibu na wa kwa wadogo. Huwa gayo katika usemi wa adabu, na gamnida katika usemi rasmi. Hata kitenzi cha kula hubadilika, meokda kikawa deusida anapotajwa mtu wa kuheshimiwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kikorea hakabiliwi na hatari ya kukosea sarufi pekee. Sentensi yake inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa tusi. Hofu hii si hofu ya kuwasiliana kama ilivyoelezwa mwaka 1986, wala si hofu ya mtihani.

Je, Mvietinamu huihisi hofu hii zaidi au pungufu kuliko wengine? Hoja zinaweza kujengwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja, amelelewa katika lugha isiyomruhusu kujitaja bila kupima hadhi, hivyo wazo lenyewe si geni kwake. Kwa upande mwingine, anajua vizuri mno gharama ya kukosea, na lugha yake haimpi viambishi vya kitenzi vya kumwokoa, maana Kivietinamu hakiambishi vitenzi kabisa. Swali kama hili haliamuliwi kwa hoja bali kwa data. Data hizo haziwezi kupatikana kwa kipimo kisicho na kauli hata moja kuhusu jambo hilo. Ndiyo maana inapendekezwa kuongeza kauli chache zinazohusu ngazi za usemi, na kuzichanganua kando kabla ya kuziunganisha na nyingine.

La pili ni matamshi. Kikorea hutofautisha konsonanti za aina tatu mahali ambapo lugha nyingi zina mbili, kwa mfano bul ni moto, ppul ni pembe, na pul ni nyasi. Kivietinamu kina toni, lakini hakina utaratibu huo wa pande tatu.

La tatu ni chemchemi ya ufurahiaji. Kivietinamu na Kikorea vyote vilikopa maneno mengi kutoka Kichina, kiasi kwamba mwanafunzi hukutana na jamaa zake ugenini: chuẩn bị na junbi kwa maandalizi, đại học na daehak kwa chuo kikuu, quốc gia na gukga kwa taifa. Ni mithili ya Mswahili anayejifunza Kiarabu na kulikuta neno kitabu likimsubiri. Kuligundua jamaa la neno kwa juhudi yako mwenyewe ni ufurahiaji kwa maana kamili ya istilahi hiyo, na kipimo cha jumla hakiulizi juu yake.

6.0 Tarakimu Zinasema Nini

6.1 Alfa

Tasnifu nyingi hutetea kipimo kwa sentensi moja inayotaja alfa ya Cronbach iliyozidi 0.70. Inafaa kukumbuka alfa inategemea nini. Tukichukua kauli ambazo wastani wa uwiano kati yake ni 0.30 tu, alfa sanifu ya kauli 8 itakuwa karibu 0.77, ya kauli 21 itakuwa 0.90, na ya kauli 33 itakuwa karibu 0.93. Ubora wa kila kauli haujabadilika. Kilichoongezeka ni idadi. Waundaji wa FLCAS waliripoti alfa ya 0.93, na hilo halina kosa, lakini mtafiti anayepata tarakimu kama hiyo kwa Kivietinamu hajathibitisha kwamba anapima wasiwasi. Amethibitisha tu kwamba kauli zake zinakwenda pamoja. Kauli 33 zilizotafsiriwa zote kwa neno ngại zingekwenda pamoja vizuri sana, zikipima haya.

6.2 Ulinganisho wa wastani

Mtafiti akitaka kusema kwamba Wavietinamu wanaojifunza Kikorea wana wasiwasi zaidi kuliko wanaojifunza Kiingereza, au zaidi kuliko Wajapani, lazima kwanza athibitishe usawa wa upimaji katika ngazi tatu. Ya kwanza ni usawa wa umbo, yaani vipengele vilevile vijitokeze katika makundi yote. Ya pili ni usawa wa mizigo, yaani kila kauli iwe na nguvu ileile ya kuwakilisha kipengele chake. Ya tatu ni usawa wa vianzio, yaani watu wenye wasiwasi ulio sawa wachague jibu lilelile bila kujali kundi lao. Wastani unaweza kulinganishwa ngazi ya tatu tu ikitimia. Tahadhari hii si ya kinadharia tupu. Utafiti wa Chen, Lee na Stevenson (1995) ulionyesha kwamba wanafunzi wa Japani na Taiwani walielekea zaidi kuchagua majibu ya katikati kuliko wale wa Marekani na Kanada. Tofauti ya wastani inaweza kuwa tofauti ya desturi ya kujibu.

6.3 Uhusiano na ufaulu

Uchambuzi wa jumla wa Teimouri, Goetze na Plonsky (2019) ulipata uwiano hasi wa -0.36 kati ya wasiwasi na ufaulu wa lugha. Matokeo haya hayatuambii kipi kinatangulia. Sparks na Ganschow (1991) walidai mapema kwamba ugumu wa kujifunza ndio huzaa wasiwasi, si kinyume chake, na hoja yao bado haiwezi kupuuzwa. Kwa Kikorea kuna tatizo la ziada. Mtihani wa TOPIK katika ngazi ya kwanza hupima kusikiliza na kusoma, na katika ngazi ya pili huongeza kuandika, wakati mtihani wa kuzungumza ulianza mwaka 2022 ukiwa peke yake. Kauli nyingi za FLCAS zinahusu kusema mbele ya watu. Anayeoanisha hofu ya kusema na alama za kusoma, kisha akaona uwiano mdogo, asihitimishe kwamba wasiwasi hauna madhara kwa Wavietinamu. Ameuliza swali moja na kusahihisha jibu la swali jingine.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mtafiti anayekusudia kuvitumia vipimo hivi anashauriwa kufuata hatua zifuatazo kwa mpangilio. Kwanza, abainishe kundi lake na kinachowasukuma kujifunza, na asichanganye wanaosoma kwa shahada na wanaosoma kwa viza bila kuwatenganisha katika uchanganuzi. Pili, hojaji iwe kwa Kivietinamu, na uteuzi wa nafsi ya kwanza na wa kila neno la hisia uelezwe. Tatu, afanye mahojiano ya ufahamu wa kauli kabla ya majaribio. Nne, aongeze kauli zinazotokana na Kikorea chenyewe. Tano, atumie uchanganuzi wa vipengele thibitishi, na pale anapolinganisha makundi, aonyeshe ngazi ya usawa iliyofikiwa. Sita, aliyekusanya hojaji asiwe mwalimu anayetoa alama, kwa kuwa kauli kadhaa zinamhusu mwalimu huyo. Saba, pale inapowezekana, hojaji isindikizwe na njia inayofuatia hisia zinavyobadilika, kama ile ya Boudreau, MacIntyre na Dewaele (2018), ambapo mwanafunzi hutazama rekodi ya usemi wake na kukadiria ufurahiaji na wasiwasi wake wakati kwa wakati. Hojaji hutoa picha moja ya mwaka mzima, lakini mwanafunzi huweza kufurahi na kutetemeka ndani ya sentensi moja.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba hisia hazipimiki, wala kwamba vipimo vya 1986 na 2014 vina kasoro kwa watu waliokusudiwa. Yanadai kwamba kipimo ni matini, na matini ikihama lugha hubadilika kama matini nyingine yoyote. Mtafiti anayekitafsiri kipimo anafanya kazi ya mfasiri hata kama anajiona mwanatakwimu, na anapaswa kuhukumiwa kwa vigezo vya taaluma zote mbili. Watahini, kwa upande wao, wana haki ya kuuliza kuhusu neno moja kama em au hồi hộp kwa uzito uleule wanaouliza kuhusu ukubwa wa sampuli.

Anayeguswa na kosa la upimaji si mtafiti. Ni kijana wa Bắc Ninh anayeambiwa kwamba ana wasiwasi wa kupindukia kwa kuwa moyo wake unamdunda kwa shauku, au mwenzake anayeambiwa kwamba ametulia kwa kuwa alikataa neno lililomfanya ajione mgonjwa. Kesho inaweza kuwa zamu ya mwanafunzi wa Seoul anayejifunza ngeli za Kiswahili kwa hojaji tuliyoitafsiri sisi. Kazi ya kuchunguza ni wapi maneno wasiwasi, hofu, haya na aibu hukutana, na wapi huachana, katika kinywa cha mwanafunzi wa Kiswahili bado inasubiri watafiti wake, na inafaa ifanyike kabla ya hojaji hiyo kuandikwa.